Mkono wa Maiti Katika Kiberenge cha Baba

Mwezi uliopita nilipeleka debe la mahindi kusagwa sokoni Khwisero, na mashine ikazimika katikati ya kazi. Fundi alifungua kifuniko, dizeli ikamwagika kidogo juu ya bomba lililokuwa bado la moto, na ile harufu ikanipanda kichwani kabla sijajikinga. Wenzangu kwenye foleni waliziba pua kwa leso. Mimi nilibaki nimesimama na debe langu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, kama mtoto aliyefumaniwa. Kuna harufu zisizobisha hodi. Hii hunirudisha moja kwa moja kwenye nyumba za reli za Butere, na kwenye asubuhi ambayo kwa miaka mingi niliamini nilimuua baba yangu nusu.

Tuliishi Butere kwa sababu pale ndipo reli inapoishia, na Baba alikuwa mtu wa reli. Jina lake lilikuwa Makokha. Alianza kazi kama mlisha moto kwenye injini za mvuke, na siku hizo alirudi nyumbani mweusi kwa masizi, macho mekundu, hata Mama hakumruhusu kuketi mpaka aoge. Kisha uhuru ukaja. Madereva Wazungu wakaanza kufunga masanduku yao, na katika msimu huohuo wa bendera mpya kikaletwa kiberenge.

Kilikuwa gari moja tu, refu kama mabasi mawili yaliyounganishwa, rangi ya maziwa juu na nyekundu ya udongo chini. Hakikuwa na dohani. Wazee wa Butere walikizunguka wakitafuta mahali moto unapowashwa, wasipaone.

“Sasa hii kitu inakulanga wapi?” bibi mmoja alimuuliza Baba.

“Inakula chini, Kukhu. Injini iko tumboni, chini ya sakafu. Wewe utakuwa umeikalia.”

Bibi yule alipanda, lakini alikataa katakata kuketi. Alisimama akishikilia nguzo mpaka stesheni ya Luanda.

Baba alikipenda kiberenge kile kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza. Jioni alipanga magunzi ya mahindi sakafuni akanifundisha. Injini ya mvuke, alisema, ina mbele na nyuma. Ikifika mwisho wa reli lazima igeuzwe, watu wasukume, maji yajazwe, na abiria wangoje. Kiberenge kilikuwa na vichwa viwili. Dreva anashuka kichwa hiki, anapanda kile, safari inaanza. Aliniambia pia kwamba kabla ya kiberenge mafundi wa karakana walichukua bodi ya basi wakaiweka juu ya magurudumu ya reli, na injini ya petroli mbele. Lilitetemeka mpaka meno ya abiria yakagongana, na lilipanda vilima likilia. Kutokana na basi lile walijifunza kuhamishia injini chini na kutumia dizeli.

“Reli zetu ni nyembamba, Roda,” alisema, akiweka gunzi moja hapa na lingine pale. “Kutoka chuma hiki hadi kile ni mita moja tu. Huko Ulaya zao ni pana. Kwa hivyo gari letu lazima liwe jepesi na uzito wake ukae chini. La sivyo, kwenye kona litalala kama mlevi.”

Mzungu aliyemfundisha alikaa naye miezi michache, kisha naye akaenda zake. Siku ya kwanza Baba alipoendesha peke yake, mwalimu wetu alitutoa darasani tukapange mstari kando ya reli. Kiberenge kilipita, Baba akiwa amevaa kofia, uso mkavu kama wa mhubiri, wala hakunitazama. Watoto walipiga kelele wakikimbia. Mimi sikuweza kukimbia. Nilibaki nimesimama, nimejaa fahari.

Jina lililonitia hofu nililisikia siku tuliyopata mgeni. Alikuja Shikuku, gadi wa kiberenge, yaani yule anayekaa nyuma na bendera na filimbi na kuangalia abiria. Alikuwa rafiki wa Baba tangu enzi za masizi. Mama alikuwa amepika obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na mimi nilikuwa nimeketi mkekani nikingoja kipande cha shingo.

“Ni gari zuri,” Baba alisema. “Kitu kimoja tu kinanichosha. Ule mkono wa maiti.”

“Baba Roda!” Mama akaruka. “Tunakula.”

“Si mimi niliyeupa jina. Mzungu aliniambia ndivyo unavyoitwa. Uko pale mbele, kando ya goti langu, na lazima niushike safari nzima. Nikiuachilia kidogo tu—”

“Roda, kalete maji ya kunawa,” Mama akasema.

Nikaenda. Niliporudi na birika walikuwa wanacheka jambo lingine. Nilimnawisha Baba mikono, na nikaitazama mikono ile kwa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo ndani ya kiberenge, mbele, kando ya goti la baba yangu, palikuwa na mkono wa mtu aliyekufa. Na yeye alikuwa ameushika kutwa nzima, kisha akaja kula nasi. Sikuuliza. Nilikuwa na miaka minane, na katika umri ule swali zito hulimeza ukitumaini litayeyuka tumboni.

Halikuyeyuka. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kupungua Baba alipodondosha kikombe cha chai. Hakikumponyoka; vidole vilifunguka tu, polepole, na Baba akavitazama kana kwamba ni vya jirani. Wiki iliyofuata alishindwa kufunga kifungo cha shati. Mama alimfungia, kidevu chake kikicheza.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa nyuma ya jiko nikiambua maharagwe. Shikuku alikuwa amekuja tena. Ukuta ulikuwa wa mabati, na mabati hayana siri.

“Mkono wako unakufa, Baba Roda,” Mama alisema. “Na juzi mdomo ulienda upande. Nimeuona. Nenda kwa daktari.”

“Daktari wa reli ataandika. Akiandika, nimeshushwa.”

“Bora ushushwe.”

“Unajua ni wangapi walisema Mwafrika hawezi kuendesha kitu kile peke yake? Unataka mimi niwe wa kwanza kuwapa haki?”

Kisha Shikuku akasema kwa sauti ya chini, “Na ule mpira, Makokha? Mimi naona. Umeufunga ule mkono. Mimi niko huko nyuma na watu wamejaa, na watoto. Siku ukilegea, ni nini itasimamisha gari?”

“Sitalegea. Tangu niufunge haunisumbui tena.”

“Makokha.”

“Nimesema haunisumbui.”

Maharagwe yalinimwagikia miguuni. Sasa mambo yote yalikuwa wazi kwangu, na niwaambie ukweli, hayajawahi kuwa wazi hivyo tena maishani. Mkono wa maiti ulikuwa umefungwa kwa mpira. Umekasirika. Na kwa sababu baba yangu ndiye aliyeukaribia kila siku, ulikuwa unamnyonya mkono wake, kidole baada ya kidole, uwe wake.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu. Kukhu, mama yake Mama, aliishi ng'ambo ya mto Yala, naye alikuwa amekuja Butere kwenye matanga ya jamaa yetu aliyefia mbali kazini. Ndugu walisafiri siku mbili kuleta mwili. Nilikaa karibu naye, watu wakiimba, nikamvuta kitambaa.

“Kukhu, kwa nini hawakumzika hukohuko?”

“Maiti asiyefikishwa kwao hatulii. Atamshika aliye karibu naye mpaka arudishwe.”

“Na kama ni mkono tu?”

Alinitazama. “Mkono wa nani?”

“Wa mtu tu.”

“Hata ukucha, mjukuu wangu. Cha mtu kinarudi kwao.” Akatema mate pembeni. “Na kisifungwe. Aliyefungwa atasafirije?”

Kukhu alirudi kwake siku ya pili, asijue amenipa kazi.

Nafasi ilikuja shule zilipofungwa. Mama alitaka mimi naye twende kumsaidia Kukhu kuvuna, wadogo zangu watatu wabaki kwa jirani, na kwa kuwa sisi ni watu wa dreva, tulifika stesheni mapema kabla ya abiria wengine. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, nyasi zimelowa kando ya reli. Kiberenge kilikuwa kinanguruma taratibu, sakafu yake ikitetemesha nyayo. Mama alitafuta kiti cha mbele, karibu na kibanda cha dreva, akaanza kupanga vikapu. Baba alikuwa chini na fundi, wameinama kwenye tumbo la gari wakikagua mafuta. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi.

Niliingia.

Nilitegemea kuona vidole. Nilikuwa nimejiandaa kwa kucha, kwa ngozi, hata kwa damu iliyokauka. Nilichokiona ni kiti cha ngozi kilichochanika, saa mbili za kioo zenye mishale, na kando ya kiti mpini mfupi wa chuma wenye kirungu kilichong'aa kwa kushikwa. Mpini ulitokea kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa skrubu. Na juu ya kirungu kile ulizungushwa mpira mweusi, ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya tairi, umevutwa chini na kufungwa kwenye ndoana ukutani.

Basi mkono uko ndani ya sanduku, nikawaza. Huu mpini ni mfupa wake.

Niliugusa. Ulikuwa na joto, na ulitetemeka. Nusura nikimbie. Nje nilimsikia Baba akikohoa, na kikohozi kile ndicho kilichonibakiza. Niliukamata mpira kwa mikono miwili, nikauvuta. Ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani. Ulinikwaruza kidole, ukafyatuka, na mpini ukainuka, taratibu kisha kwa nguvu, kama mtu anayeamka. Mahali fulani chini yangu upepo ulipumua kwa kishindo.

“Nenda kwenu,” nikanong'ona. “Tafadhali nenda kwenu.”

Nikausokomeza mpira ndani ya gauni, nikarudi kuketi kwa Mama.

Abiria walijaa: akina mama wa soko na mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mzee mmoja na cherehani mapajani. Baba alipanda. Nilimwona kupitia kile kioo kidogo cha mlango akiketi, akinyoosha mkono kwenda kwenye ndoana, na mkono ukabaki hewani. Alitazama chini ya kiti. Alitazama sakafuni. Aligeuka akatutazama sisi sote ndani ya gari, sura baada ya sura, na mimi nikainamisha yangu. Nje, mkuu wa stesheni alikuwa tayari ameinua bendera ya kijani. Nyuma, Shikuku akapuliza filimbi.

Baba alibana midomo, akaushika mpini kwa mkono wake wa kulia, akausukuma chini. Tukaondoka.

Sijui niwaelezeje safari ile. Kwa watu wengine ilikuwa safari ya kila siku. Walizungumza bei ya chumvi na harusi ya fulani. Mimi nilikuwa nikitazama bega moja. Lile bega lilikuwa juu, limekaza, na kadiri tulivyokwenda lilianza kutetemeka. Baada ya stesheni ya kwanza Baba alibadilisha, akaushika mpini kwa mkono wa kushoto, akijipinda kitini. Jasho lilikuwa limechora mstari mgongoni mwa shati lake. Nilijua nilichokiona: mkono wa maiti sasa ulikuwa huru, na badala ya kwenda kwao, ulikuwa unapigana naye.

“Mama,” nikasema, “mwambie Baba asimamishe.”

“Unataka kutapika?”

“Mwambie tu asimamishe.”

“Tulia, Roda. Tunakaribia mtoni.”

Njia inapoelekea mto Yala huteremka. Gari lilianza kukimbia, miti ikipita kwa kasi, kuku wakipapatika. Wakati wa kuteremka Baba alihitaji mkono mmoja wa breki, kwa hiyo mpini akaurudishia mkono wa kulia. Nilisikia honi, fupi, mara mbili. Mbele, pale kona inapofunguka na daraja linaonekana, niliona watu wadogo wadogo weusi juu ya daraja na kitambaa chekundu kikipepea katikati ya reli.

Baba aliinua kichwa kuelekea kitambaa kile. Kisha akaanguka upande.

Hakupiga kelele. Aliteleza tu kutoka kitini kama nguo inayoteleza kwenye kamba, na mkono wake wa kulia ukateleza kutoka kwenye mpini. Kofia ikadondoka. Mama akapiga ukelele, jina lake, jina halisi la Baba ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Nikaona mpini unainuka peke yake.

Kwa muda wa pumzi moja hakikutokea kitu. Tuliendelea kuteremka, hakuna mtu mbele, na kitambaa chekundu kinakua. Kisha chini ya miguu yetu upepo ukalia kwa nguvu, magurudumu yakapiga yowe, na sote tukatupwa mbele. Ndizi, vikapu, cherehani ya mzee, kila kitu kiliruka. Nilimgonga Mama kifuani. Chuma kililia na kulia, harufu ya kuungua ikajaa, na gari likatetemeka, likapungua, likasita, likasimama.

Kimya kile nakisikia mpaka leo. Injini ilikuwa inanguruma taratibu kama asubuhi. Kuku mmoja akawika.

Watengeneza njia walikuwa wametoa kipande cha reli pale darajani. Mshika bendera alikuja akikimbia, bado anaishika, uso wake umekuwa wa kijivu. Kutoka alipokuwa amesimama hadi pua ya kiberenge ungeweza kutupa jiwe bila kujitahidi. Shikuku alipita katikati ya abiria akikanyaga mizigo; huko nyuma alikuwa na breki yake ya mkono lakini hakuwa ameona lolote mpaka tuliposimama. Alipiga magoti kando ya Baba. Kisha akautazama mpini, akaitazama ile ndoana tupu ukutani. Akafunika uso kwa viganja vyake.

Baba alipelekwa hospitali Kakamega kwa lori la watengeneza njia, Mama akiwa amekishikilia kichwa chake. Hakufa. Upande wake wa kulia ndio uliokufa, mkono na mguu, na nusu ya mdomo. Watu waliokuja kutupa pole waliita kiharusi. Mimi nilikuwa na jina lingine. Nilikuwa nimeufungulia ule mkono, na wenyewe, badala ya kusafiri, ulimrukia baba yangu. Nilinyamaza. Nilikonda. Mpira niliuficha chini ya gunia la mtama, na kila jioni nilikwenda kuhakikisha kwamba haujasogea.

Wiki kadhaa baadaye, Baba akiwa amerudishwa nyumbani, alikuja mkaguzi. Alikuwa kijana, Mwafrika, suti yake mpya, faili kwapani. Aliketi kando ya kitanda akasema na Mama kwa heshima.

“Mama, tumekagua gari. Ule mpini wa usalama ulikutwa huru, haukufungwa na chochote. Madereva wengine wana tabia mbaya, tunasikia. Mume wako aliushika kwa mkono wake mpaka mwisho, kama sheria inavyosema. Ndiyo maana watu wote wale wako hai. Akipata nafuu tutamtafutia kiti kwenye ofisi ya tiketi. Nyumba hii mtabaki nayo.”

Mama alilia kwa furaha. Shikuku, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama sakafu. Na Baba alifumba macho yake, na nikaona chozi linatoka kwenye lile jicho lililokuwa halifungi vizuri.

Nilidhani analia kwa maumivu niliyomletea. Mkaguzi alipotoka kwenda kunywa chai kwa mkuu wa stesheni, nilichukua ule mpira kutoka chini ya gunia, nikauweka kifuani pa Baba.

“Ni mimi,” nikasema. “Nilitaka mkono uende kwao. Nilidhani utakuacha. Nisamehe, Baba.”

Maneno yake wakati ule yalitoka yamelowa, moja moja, na ilibidi umwangalie mdomo.

“Mkono gani?”

Nikamwambia yote: sanduku, mfupa, Kukhu, ukucha. Mama alikuwa ameketi na kikombe, hakuweza kunywa. Baba alianza kutikisika, nikadhani anakufa, kumbe anacheka. Kisha alikuwa analia. Kwa mkono wake wa kushoto alinivuta karibu.

“Hakuna maiti,” alisema. “Maiti ni dreva. Ni kusema, dreva akifa, mpini unainuka, gari linafunga breki. Basi. Nilipoufunga, niliondoa hiyo. Wewe uliirudisha.”

Nilielewa polepole. Nimeelewa zaidi kila mwaka.

“Mwite yule kijana,” akamwambia Mama.

“Wa nini?”

“Mwite.”

Mama alisimama. “Baba Roda, hapana. Amesema nyumba ni yetu. Amesema una kazi. Una watoto wanne na mkono mmoja. Nani amekuuliza?”

“Wengine wanafunga,” Baba alisema. “Njia zote. Nawajua. Huyu akienda na hadithi nzuri, hatatafuta.”

“Watafute wenyewe!”

“Wenzangu hawana Roda.”

Mama alitoka nje. Alikaa jikoni, na aliyemwita mkaguzi alikuwa Shikuku. Nilisimama kwenye kona, na kijana yule aliandika huku kalamu ikizidi kwenda taratibu. Baba alimweleza kuhusu kikombe, kifungo cha shati, jinsi alivyomkwepa daktari, na ule mpira aliouweka kitandani mbele yake. Mkaguzi aliuliza nani aliuondoa.

“Sijui,” Baba alisema. “Niliukosa tu asubuhi ile.”

Huo ndio uongo pekee aliousema siku hiyo.

Kijana alifunga faili. “Mzee, hukulazimika,” alisema, na sauti yake haikuwa ya ofisi.

Kiti cha tiketi hakikuja. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi kuhama. Siku chache kabla hatujaondoka, Shikuku alifika na habari kwamba wakaguzi wamepita kwenye vibanda vya madereva bila taarifa, njia hii na nyingine, na wamekuta mipira, kamba, hata jiwe lililofungwa kwa waya. Mama alimsikiliza akikunja nguo. Alipomaliza, alimwongezea chai.

Tulihamia Lugari, kwa kaka yake Mama, aliyekuwa amepata kipande kwenye shamba lililokuwa la Mzungu. Alitukatia ekari kadhaa za nyasi ndefu na kutuazima ng'ombe wawili wa plau. Asubuhi ya kwanza ya kulima Mama alimtazama Baba, na Baba akamtazama Mama. Plau ina mipini miwili. Baba alishika wa kushoto kwa mkono wake uliobaki, akiburuta mguu kwenye udongo, na Mama akashika wa kulia. Yeye alikuwa na nguvu zaidi, kwa hiyo plau iliendelea kwenda upande wa Baba. Kisha Mama alilegeza, ikarudi upande wake. Walikaripiana toka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Sisi watoto tulifuata nyuma tukidondosha mbegu, na wiki zile ndizo za kwanza tangu Butere nilizolala usingizi mzima.

Mahindi yalipoota, jirani mmoja, mkulima hodari ambaye mistari yake ilinyooka kama kamba, alikuja akasimama kwenye mpaka. Alitazama shamba letu, mistari imepinda kulia, imepinda kushoto, inakaribia kugusana na kuachana tena.

“Mama Roda,” alisema, akijaribu kuwa na adabu, “mbona nyinyi mnalima hivi?”

Mama alijinyoosha, akajifuta jasho kwa mkono wenye udongo, akamtazama Baba aliyekuwa ameketi chini kando ya ng'ombe, mguu wake mbaya umenyooshwa juani.

“Sisi tumetoka reli,” alimjibu. “Kunyooka tumechoka nako.”

Baba akacheka, kwa ule upande mmoja wa mdomo, na Mama naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mkaguzi, alipotoka kwenda kukaa jikoni.